Jani moja halitoshi

Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia, Sigino, Babati



Nimeombwa nizungumzie akili mnemba, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano mingi na kisha kutoa majibu. Baadhi ya kamati zimeuliza kama fedha za vikundi zinunue simu za kutambua magonjwa ya mimea. Kabla ya swali hilo lipo jingine: simu ikitoa jibu, tuliamini kwa kiasi gani, na ikikosea nani atasema?

Sisi wa Sigino ni watu wa mahindi na mbaazi, lakini mfano mzuri uliopimwa ni wa mihogo. Programu iitwayo Nuru ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na taasisi ya kilimo cha kitropiki, IITA. Picha za kuifundisha kompyuta zilipigwa kwenye mashamba ya mihogo karibu na Bagamoyo, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Mkulima anaelekeza simu kwenye jani, nayo inamwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, hata pasipo intaneti.

Mwaka 2020 matokeo ya upimaji yalichapishwa. Kwa kutazama jani moja, Nuru ilipatia asilimia 65. Maofisa ugani walipatia asilimia 40 hadi 58, na wakulima 18 hadi 31. Msiharakishe kusema mashine imetushinda. Asilimia 65 maana yake ni kukosea mara 35 katika 100. Yalipokaguliwa majani sita ya mmea mmoja, usahihi ulipanda hadi asilimia 74 mpaka 88. Tena, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa programu ya namna hii hupungukiwa sana dalili zikiwa bado changa, wakati ambapo mkulima anahitaji msaada zaidi.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu.

Kwanza, tusiamini jani moja. Tukague majani kadhaa, na kabla ya kung'oa mimea au kununua dawa tumwite bwana shamba au bibi shamba.

Pili, kila kikundi kiwe na daftari: simu ilisema nini, afisa ugani alisema nini, na baada ya wiki chache shamba lilikuwaje. Daftari lisomwe kikaoni kila mwezi. Simu haitambui yenyewe kwamba ilikosea. Mrejesho utatoka kwetu.

Tatu, na hili ndilo gumu: mwanakikundi yeyote awe huru kusema, "Simu imekosea," hata mbele ya mwenyekiti aliyeisifu. Mama anayepalilia shamba lile kila siku huona mambo ambayo picha haionyeshi. Akibezwa mara moja, hatasema tena, na kikundi kitabaki na simu peke yake. Simu ikikosea, hailali njaa. Anayelala njaa ni mwenye shamba.

Ndugu wafadhili, mkiletewa bajeti ya simu, ulizeni pia kama nauli ya afisa ugani na gharama za vikao zimo. Bila hizo, mtakuwa mmenunua majibu yasiyo na wa kuyahakiki.