Kupanda Mlima Hanang na Kurudi Siku Hiyohiyo



Mlima Hanang uko mkoani Manyara, karibu na Katesh. Kimo chake ni zaidi ya mita 3,400. Mtu mwenye nguvu huweza kupanda na kurudi siku hiyohiyo, lakini jamani, mwinuko ni mkali.

Kwanza, ondokeni alfajiri na mwenyeji anayejua njia. Chukueni maji, chakula na nguo nzito. Kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6.

Pili, huko juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi huleta kama theluthi mbili tu ya hewa tunayoivuta pwani. Basi, endeni polepole. Mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika, au akiyumba kama mlevi, msimwambie, "Jikaze!" Mteremsheni mara moja, wala asiachwe peke yake. Kushuka ndiyo dawa.

Tatu, iogopeni mvua. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yaliporomoka kutoka mlima huu yakaua watu zaidi ya 80. Mvua ikinyesha, ahirisheni safari. Mlima hauhami.