Pumzi Kwanza, Kunyoosha Viungo Baadaye

Maelezo ya afisa wa tiba ya viungo kwa wakazi waliohudhuria kipindi cha mazoezi

Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu asubuhi hii. Naona wengine mmekuja na mikeka, wengine na leso. Zote zinafaa.

Kabla hatujaanza, nijibu swali ambalo nimeulizwa mlangoni zaidi ya mara moja: je, yoga ni dini? Asili yake ni India, na huko imefungamana na imani ya Kihindu. Hilo si la kuficha. Hapa leo hakuna sala itakayosomwa. Tutafanya mikao ya mwili na kupumua. Ambaye dhamiri yake haimruhusu, hatalazimishwa.

Aina tutakayofanya inaitwa hatha, neno la Kisanskriti lenye maana ya nguvu au juhudi. Kitabu chake maarufu, Hatha Yoga Pradipika, kiliandikwa katika karne ya 15. Wengi wetu lakini tumeijua yoga kwenye simu: mtu mwembamba amejikunja kama chapati. Mzee mwenye magoti mabovu akiona hivyo husema hayo ni ya vijana. Kwa maoni yangu picha hizo zimetuharibia. Kinachotuliza moyo si kujikunja sana, ni kufuatilia kwa makini kile unachofanya.

Chukueni mfano wa kuinua mikono tu. Simama wima. Inua mikono polepole ukivuta hewa kwa pua, ishushe ukiitoa. Mikono ianze na pumzi na imalize nayo. Ukifika mara ya tatu utakuta akili imeshaenda kwa karo ya shule au deni la chama. Usijilaumu. Irudishe kwenye pumzi, na ikitoroka tena, irudishe tena. Huko kurudisha ndiko zoezi lenyewe. Halafu, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta: ukivuta kwa kuhesabu hadi tatu, toa hadi tano. Unapovuta hewa moyo huenda mbio kidogo, unapoitoa hupunguza mwendo. Ukiweka vidole kwenye kifundo cha mkono ukatulia, huenda ukaihisi tofauti hiyo mwenyewe.

Tutamaliza kwa kulala chali dakika tano, macho yamefungwa. Mkao huo huitwa savasana, yaani mkao wa maiti, msishtuke. Kwa wengi ndio mgumu kuliko yote, hasa akina mama ambao hawajazoea kulala mchana bila mtu kuwaita.

Mwenye presha, mwenye glakoma na mjamzito wasijaribu mikao ya kichwa chini, wala wasizuie pumzi. Ukihisi maumivu makali, acha. Na hili nalisema kwa uzito: msiache tembe za presha wala dawa za sukari kwa sababu mnajihisi watulivu. Presha mara nyingi haina dalili. Hujulikana kwa kupimwa. Vilevile, aliyekosa usingizi kwa wiki kadhaa, au anayewaza kujitoa uhai, asingoje yoga imponye. Aende kituo cha afya leo, au amwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Haya, vueni viatu. Wenye magoti mabovu, viti viko kule nyuma. Mikono huinuliwa hata ukiwa umeketi.