Tuanze na Majina

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kuomba jambo moja. Naomba shule yetu itenge chumba kimoja kiwe makumbusho ya askari waliotoka Karatu na Ngorongoro.

Sisi watu wa huku hatuhitaji kuelezwa faida ya makumbusho. Wageni huvuka bahari kuja Olduvai. Mwaka 1978, kule Laetoli, Mary Leakey na wenzake walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo zilipimwa, zikachorwa, kisha zikafukiwa tena zisiharibike. Hakuna ajuaye majina ya waliozikanyaga, na bado tunazitunza.

Mwaka huohuo, mwishoni mwa Oktoba, majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Wakati huo Karatu ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Wanajeshi wa JWTZ walikwenda vitani, na pamoja nao wanamgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na vita vikamalizika mwezi Juni. Baadhi ya mashujaa wetu wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na Taifa huwakumbuka kila tarehe 25 Julai. Wengine walirudi, wakashika jembe au fimbo ya kuchungia, wakanyamaza. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Kila tunapomzika mmoja wao, tunazika na habari zake.

Tumewahi kupoteza namna hii. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Watanganyika zaidi ya 80,000 walitumikia jeshi la Mwingereza, na wengine walifika hadi Ethiopia, Madagascar na Burma. Leo ni nani kati yetu awezaye kumtaja hata mmoja wao kutoka kijijini kwake? Pale Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa heshima ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Maandishi yake, ambayo yamo pia kwa Kiswahili, yanasema kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini jina lenyewe halikuandikwa pale. Kazi hiyo waliachiwa wana.

Ndugu zangu, wana ndio sisi. Mimi ni mtumishi wa ofisi ya serikali, na majalada yamenifundisha kwamba jambo lisiloandikwa huhesabiwa kuwa halikutokea. Kwa hiyo tusingoje jengo wala mfadhili. Tuanze na daftari. Kila mwanafunzi amwendee mzee wa kijijini kwake, amwamkie, aketi, aandike: jina kamili, kijiji, mwaka aliojiunga, kikosi, alikopita, na alichokiona ikiwa yuko radhi kukisema. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Tusiwasahau madereva, wapishi, na wake waliobaki na watoto na shamba. Picha tuzinakili, nakala zibaki kwetu na picha zirudi kwa wenyewe. Nishani au kofia ya jeshi tuipokee kwa mkopo, kwa maandishi na sahihi, maana ni mali ya familia.

Wanafunzi wa zamani tulio na mishahara tununue daftari, kabati lenye kioo na kufuli. Walimu wa historia wasimamie. Na ukuta wa kwanza wa chumba hicho usiwe na picha wala bunduki. Uwe na orodha ya majina, kijiji kwa kijiji, ili mtoto akiingia atafute la babu yake.

Wazee wenyewe bado wapo. Tuwaendee likizo hii.