Simu Inalia, Sauti Haisikiki: Fahamu Milango ya Simu za Intaneti

*Mazungumzo kwa wasimamizi wa shule, saco, zahanati na biashara*



Wengi wenu mmeanza kupiga simu kwa njia ya intaneti ili kupunguza gharama. Lakini kuna wakati simu inalia, inapokelewa, kisha upande mmoja hausikii chochote. Lawama huangukia kifaa. Kinanunuliwa kingine, na tatizo linabaki palepale. Kwa muuguzi anayeita ambulensi, ukimya huo ni hatari.

Simu ya intaneti ina safari mbili. Ya kwanza ni ya ishara: nani anampigia nani, simu ilie, imepokelewa, imekatwa. Kazi hiyo hufanywa na itifaki ya SIP, ambayo kanuni zake kuu zilichapishwa mwaka 2002. Safari ya pili ni ya sauti yenyewe, na hubebwa na itifaki ya RTP.

Safari hizi hupitia poti, yaani milango yenye nambari ambayo mwisho wake ni 65535. Ishara za SIP kwa kawaida hutumia poti 5060, au 5061 zikiwa zimefichwa zisisomwe njiani. Sauti haina mlango mmoja. Kila simu hupewa wake kutoka kundi kubwa. Kwa mfano, mitambo inayotumia programu ya Asterisk mara nyingi hutengewa poti 10000 hadi 20000. Ruta ikiruhusu ishara na kuzuia sauti, simu italia lakini hamtasikilizana.

Wapo wanaotatua hilo kwa kufungua milango yote kwa dunia nzima. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Wahalifu hutumia programu zinazotafuta poti 5060 iliyo wazi, usiku na mchana, kisha hubahatisha nywila. Wakiingia, hupiga simu ghali za ng'ambo, hasa wikendi ofisi zikiwa zimefungwa. Bili humfikia mwenye laini. Kwa shule, hiyo ni karo ya wanafunzi.

Kwa hivyo, kabla fundi hajaondoka, hakikisheni mambo manne:

1. Poti 5060 inapokea anwani za kampuni inayowapa huduma pekee.
2. Kila simu ina nywila yake ndefu, isiyofanana na nambari yake ya ndani.
3. Simu za ng'ambo zimefungwa kama hamzihitaji, au zimewekewa kikomo cha matumizi.
4. Simu ya majaribio imepigwa kutoka nje, na pande zote mbili zimesikilizana.

Kubadilisha nambari ya poti peke yake si kufuli, anayetafuta ataipata.

Kumbukeni pia kwamba umeme ukipotea, ruta isiyo na betri huzimika. Wekeni simu ya mkononi yenye chaji karibu, ili mweze kupiga 999 au 112.