Safari ya Wabunge wa Uingereza Katika Urusi



Tumeombwa kusema juu ya safari za urafiki baina ya dola na dola. Twachagua moja tu, ile ya Wabunge wa Uingereza waliokwenda Urusi mwanzo wa mwaka 1945, wakiongozwa na Walter Elliot, aliyekuwa zamani Waziri wa Kilimo, kisha wa Afya.

Dola hizo zilifungana kwa mkataba wa miaka 20 tangu tarehe 26 Mei 1942. Wala mkataba haukuwa maneno matupu. Merikebu zilipita bahari ya barafu kupeleka vifaru, ndege na vyakula Murmansk na Archangel, na mabaharia wengi walizama humo. Basi wageni walikwenda kama ndugu wa vita, nao askari wa kwetu wa K.A.R. wangali Burma. Miongoni mwao alikuwamo Lord Lovat, kamanda aliyejeruhiwa Normandy mwaka 1944. Tena hawakuwa wa chama kimoja, na jambo hili twalisifu, kwani salamu za nchi nzima hazichukuliwi na upande mmoja.

Lakini mwenye kutembezwa huona aonyeshwalo. Sisi makarani hatuna haja ya kufundishwa hayo: siku ya ukaguzi hata mafaili ya mwaka juzi hupanguswa vumbi.

Vita vilipokwisha, mashaka yakaingia. Tena palikuwa na neno dogo kwa wakubwa, zito kwa wenyewe. Waingereza kadha wa kadha waliotumwa Urusi wakati wa vita walioa huko kwa sheria. Walipoitwa kurudi kwao, wake zao wakanyimwa ruhusa ya kutoka. Maswali yakaulizwa Bungeni London, barua zikaandikwa, wala haikufaa. Tarehe 15 Februari 1947 Urusi ikakataza kabisa raia wake kuoana na wageni.

Hatusemi safari ile ilikuwa bure. Twasema tu ya kuwa karamu na hotuba zilikuwa nyingi, na kibali cha mke mmoja kuvuka mpaka kikawa kigumu kupatikana.

Mkataba wenyewe Urusi iliutangua Mei 1955, miaka 20 haijatimia. Marufuku ya ndoa ilikuwa imekwisha ondolewa mwaka 1953, baada ya kufa Stalin. Mwanamke aliyeolewa mwaka 1944 na kuachwa nyuma alikuwa na miaka kama tisa ya ndoa.