Usingizi wa Mfanya Kazi wa Usiku, na Moyo Wake

Wasikilizaji wangu, leo napenda kunena nanyi habari ya watu ambao sisi tulalapo wao huwa macho, na habari ya mioyo yao. Sisemi moyo wa mapenzi na huzuni. Nasema moyo wenyewe, ile nyama iliyo kifuani ipigayo mara kama laki moja kila siku bila kupewa likizo.

Hapa Tabora watu hao ni wengi. Reli itokayo pwani ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na baadaye tawi lake likaenda Mwanza. Na tangu siku hizo mji huu umekuwa na watu wa kungojea treni usiku wa manane. Hospitali ya Kitete ina wauguzi wa zamu ya usiku. Maduka yana walinzi, na mikate tuilayo asubuhi haikujioka yenyewe. Tena huko Urambo, Kaliua na Sikonge wako wakulima wa tumbaku, ambao wakati wa kukausha majani hukesha wakichochea moto wa mabani.

Kabla ya reli, nchi hii ilijua kazi nyingine ya kuchosha, nayo ni upagazi. Wanyamwezi walichukua mizigo kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, mzigo mmoja ukiwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mwingereza Richard Burton aliyeondoka pwani mwezi wa Juni 1857, akafika Kaze, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba, aliandika kwa urefu desturi za misafara hiyo. Jogoo wakiwika watu waliamka na kuota moto. Kulipopambazuka kirangozi alishika njia. Na kabla ya jua la mchana kuwa kali walikuwa wamekwisha kutua mizigo kambini. Jioni ilikuwa ya kupika, kuzungumza na kucheza ngoma, kisha kulala.

Lakini palikuwa na safari ya namna nyingine, ambayo wapagazi waliichukia, nayo ni terekeza. Katika pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, maji yalikuwa mbali mno. Basi msafara ulipika na kunywa, ukaondoka baada ya adhuhuri, ukaenda hata giza, ukalala bila maji, na alfajiri ukaondoka tena mpaka uyafikie. Terekeza ilikuwa dawa ya shida, haikuwa chakula cha kila siku. Na wakiisha kufika Unyanyembe, misafara ilikaa siku nyingi, pengine majuma mazima, ndipo iendelee. Sisemi kwamba zamani zile zilikuwa njema: wengi walikufa njiani kwa ndui na njaa, na wengine walipita njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa minyororo. Nasema tu kwamba hata wakubwa wa misafara, ambao hawakuwa watu wa huruma sana, waliona kuwa mwili wa mtu hauwezi kuendeshwa usiku na mchana kama gurudumu.

Wataalamu wametueleza sababu yake. Ndani ya mwili mna namna ya saa. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufunua jinsi saa hiyo iendavyo ndani ya chembe za mwili. Wao waliichungua katika inzi wadogo wa matunda, lakini mwanadamu naye anayo ya namna hiyo. Saa yetu kubwa iko ndani ya ubongo, nyuma ya macho, na nuru ya mchana ndiyo iirekebishayo kila siku.

Usiku unapoingia saa hiyo huuambia moyo upunguze mwendo. Mtu mwenye afya alalapo, shinikizo la damu yake, yaani presha, hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Hapo mishipa hulegea na kupumzika, kama bega la mpagazi alipoweka mzigo chini. Karibu na mapambazuko mwili humwaga damuni vitu vya kumwamsha mtu, na presha hupanda tena.

Sasa mfikirini mlinzi. Saa ya mwili inamwambia alale; kazi inamwambia asimame. Asubuhi akijilaza, jua limewaka, majogoo na pikipiki zinapiga kelele, na saa ya mwili sasa inamwambia aamke. Hulala kidogo, tena usingizi wa kukatika-katika, na presha haishuki kama ipasavyo. Siku moja haidhuru sana. Miaka kumi ya namna hii ni jambo lingine: kuta za mishipa hukazana, na moyo unaosukuma damu kwa nguvu kupita kiasi hunenepa na mwisho huchoka. Chakula nacho kina sehemu yake. Mwili usiku hauko tayari kupokea wali mwingi, na sukari hukawia katika damu. Mwaka 2021 wataalamu wa Boston, huko Marekani, walitoa habari ya vijana 19 wenye afya waliofanyizwa kazi ya usiku kwa kujaribiwa. Waliokula usiku sukari yao ilipanda, na waliokula mchana tu haikupanda hivyo.

Je, madhara haya ni makubwa kiasi gani? Mwaka 2012 zilikusanywa taarifa 34 za uchunguzi juu ya watu zaidi ya milioni mbili, ikaonekana kwamba wafanyao kazi za zamu hupatwa na shambulio la moyo zaidi ya wengine kwa asilimia 23. Maana yake, mahali ambapo watu 100 wa kazi ya mchana wangepatwa, watu wa zamu walio sawa nao kwa hesabu wangepatwa 123. Si jambo la kumfanya mtu aache kazi kesho, wala si jambo la kupuuzwa. Huko Marekani wauguzi wanawake kama 189,000 walifuatwa kwa miaka 24, na habari zao zilitolewa mwaka 2016: kadiri miaka ya kuzunguka zamu za usiku ilivyozidi, ndivyo na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulivyozidi, na katika sehemu moja ya wauguzi hao ikaonekana kuwa walioacha zamu hizo hatari yao ilipungua kadiri miaka ilivyopita. Mimi naliona hili la mwisho kuwa habari njema kabisa.

Lakini sisi tusioweza kuacha tufanyeje? Kwa maoni yangu jambo la kwanza halimhusu mfanya kazi mwenyewe, bali nyumba yake na jirani zake. Kwetu mtu aonekanaye kitandani saa nne asubuhi huitwa mvivu. Mgeni akija huamshwa amwamkie. Mtoto hutumwa amuulize baba habari ya ada. Shangazi huingia na maneno yake ya mirathi. Mtu yule yule akilala saa nne usiku, hakuna athubutuye kugonga mlango! Yafaa tujue kwamba asubuhi yake ndiyo usiku wake. Dirisha litiwe blanketi au kitambaa kizito chumba kiwe giza, redio ipunguzwe sauti (hata hii yetu), na mgeni aambiwe bila haya, “Bwana alikuwa zamu, amelala, karibu jioni.” Mtu mzima yampasa apate saa saba angalau. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliutia usingizi katika orodha yake ya mambo manane yalindayo moyo, pamoja na kutovuta sigara, kula vema na kuutumikisha mwili.

Naye mwenyewe na ale chakula chake kikubwa kabla ya kwenda zamu, usiku ale kidogo. Chai kali na kahawa aziache katika saa za mwisho za zamu, zisimfuate mpaka kitandani. Pombe ya kutafutia usingizi ni hila mbaya: humwangusha mtu upesi, kisha humwamsha kabla ya wakati. Na sigara ya kufukuzia usingizi huongeza hatari juu ya hatari.

Wakulima wa tumbaku nina neno nao zaidi. Bani moja huchukua juma zima hivi, na moto lazima upande kwa taratibu. Ukizidi jani huungua, ukipungua huharibika. Najua kwamba mazao ya mwaka mzima yamo humo ndani. Lakini nimeona nyumba yenye vijana watatu ambamo baba peke yake hukesha usiku saba, kwa kuwa hamwamini mtu na kipima-joto chake. Kipima-joto hakina siri. Mwenye kusoma namba aweza kufundishwa siku moja. Gawaneni usiku, kama walinzi wa kambi za zamani walivyogawana.

Kisha pimeni presha. Haina maumivu, na wengi huijua siku ya kiharusi. Ikiwa namba ni 140 juu ya 90 au zaidi, tena imepimwa zaidi ya mara moja, mwoneni daktari, na dawa atakazotoa msiziache kwa sababu mmejisikia vizuri. Mtu abanwaye kifua au apungukiwaye na pumzi asingoje zamu iishe. Na akoromaye sana, pumzi ikikatika usingizini, mkewe na amwambie, maana yeye mwenyewe hajui. Nao ni ugonjwa unaotibika.

Nimalize kwa habari ya sheria, kwa kuwa wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yahesabu usiku kuwa tangu saa mbili jioni hata saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo yalipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mwanamke mjamzito asilazimishwe kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, wala kwa miezi miwili baada yake. Na mtu aliyepewa cheti cha daktari kwamba afya yake haifai kazi ya usiku, tajiri wake yampasa kumhamishia kazi ya mchana, isipokuwa haiwezekani kabisa. Cheti hicho huombwa hospitali. Chukueni na karatasi yenye namba za presha yenu mnapokwenda kukiomba.