Kushusha gari bila kupoteza raha

Magharibi mwa mji wa Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, kuna barabara iitwayo Grant Street. Wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia ni miongoni mwa waliohamia mitaa inayoizunguka, na Kiswahili si lugha ngeni huko. Soko dogo la West Side Bazaar, ambako wahamiaji walianzishia biashara zao, lilikuwa kando ya barabara hiyo mpaka lilipokumbwa na moto mwezi Septemba mwaka 2022.

Msikilizaji, chukua mfano wa kijana wa mitaa hiyo aliyedunduliza mshahara wake hata akanunua Subaru BRZ, gari la michezo. Anataka kulishusha kwa springi fupi ili likae vyema machoni na lisilale kwenye kona. Lakini nyumbani hakuna gari jingine. Ndilo limpelekalo kazini kabla ya alfajiri, na ndilo limpelekalo hospitali mama yake mwenye maradhi ya mgongo. Fedha za kukosea hana.

Adui yake wa kwanza ni barabara yenyewe. Maji huingia katika nyufa za lami, na yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Barafu ikayeyuka, ikaganda tena, lami hupasuka na mashimo yakafunguka. Theluji inayoanguka Buffalo kwa mwaka huzidi mita 2 kwa wastani. Gari hilo, likiwa kama lilivyotoka kiwandani, tumbo lake liko kiasi cha milimita 130 tu kutoka ardhini. Ukiliondolea 25, kinachobaki ni kama upana wa kiganja pamoja na kidole gumba.

Wengi hudhani kwamba linaloharibu raha ni ugumu wa springi. Hesabu husema vingine. Springi ikiongezwa ugumu kwa asilimia 30, kasi ya gari kupanda na kushuka huongezeka kwa asilimia 14 tu, na hilo mwili huweza kulizoea. Kisichozoeleka ni kishindo. Juu ya shokapu kuna kipande cha mpira kinachozuia chuma kisigonge chuma. Gari likishushwa, nafasi iliyopo kabla ya kuufikia mpira huo hupungua. Tairi likiingia shimoni, springi humaliza safari yake mapema, na uzito wote hutua juu ya mpira. Mama mwenye mgongo atakuwa wa kwanza kujua.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kuhusu ulaini pekee. Aulizwe: zinashusha milimita ngapi, na ugumu umeongezwa kiasi gani? Springi inayoshusha sana huku ikiwa laini kama ya kiwandani ni mtego, kwani itaufikia mpira kila siku. Zipo springi ambazo pindi zake zimekaribiana upande mmoja; huanza kwa ulaini, kisha hukaza kadiri zinavyobanwa. Hizo huwafaa wengi wanaoendesha mjini, ingawa zile zenye ugumu usiobadilika hutabirika zaidi kwenye kona. Kwa Grant Street, kushusha kati ya milimita 15 na 25 kunatosha. Atakayezidi hapo sharti anunue na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hicho, na gharama itapanda sana.

Shokapu za zamani nazo zikaguliwe kwanza. Kama zimechoka au zinavuja mafuta, springi ngumu zitazimaliza, na gari litarukaruka. Kazi ya kuzifunga isifanywe uani kwa vifaa vya kuazima: springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu ikichomoka.

Baada ya siku chache za kuendesha, springi zikishakaa mahali pake, pembe za magurudumu zipimwe na kurekebishwa. Vinginevyo tairi zitalika upande wa ndani bila mwenyewe kujua. Rangi ya springi ikaguliwe kila majira ya kuchipua, kwani chumvi inayomwagwa barabarani hula chuma kilichochubuka.

Na zile za kiwandani zisiuzwe. Zifutwe, zipakwe mafuta, zihifadhiwe chini ya ngazi. Theluji ya Novemba ikianza, huenda mama akaziulizia.